Fomu Ipelekwe Mkoani

Nilifika Babati mkoa wa Manyara ukiwa bado haujakauka rangi. Nasema rangi yenyewe, ya kopo. Wiki yangu ya kwanza mjini niliegemea nguzo ya kibao kipya cha ofisi ya mkoa nikimsubiri mume wangu atoke kazini, na sweta yangu nyeupe ikapata mstari wa kijani ambao haukutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Niliivaa hivyo hivyo miaka miwili.

Mume wangu alikuwa ofisa wa ujenzi aliyehamishiwa kwenye mkoa mpya, nami nikamfuata kutoka Iringa na barua yangu ya uhamisho, mwalimu wa Kiswahili mwenye miaka thelathini na mitatu na sauti ya kusikika uwanja mzima. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa monita. Tulipanga vyumba viwili Maisaka, na majirani wakatuita watu wa mkoa. Ndivyo walivyotuita wote tuliokuja na zile ofisi, awe mhasibu, awe dereva, awe mke wa ofisa wa ujenzi.

Kwangu mimi mkoani palikuwa karibu sana. Mume wangu aliondoka asubuhi kwenda mkoani, saa saba akarudi kula ugali na mlenda, akalala robo saa kwenye kochi, akarudi tena mkoani. Nikisahau ufunguo wa nyumba niliufuata mkoani kwa miguu nikiwa na kandambili. Neno hilo la mkoani naliweka wazi hapa mwanzoni kwa sababu ndilo lililonitia aibu, na mimi si mtu wa kutiwa aibu kirahisi.

Shuleni mkuu wa shule alinipa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: ushauri kwa wanafunzi wanaomaliza. Wenzangu walinionea huruma. Mimi niliifurahia. Nilikuwa nimeona Iringa watoto wenye akili wanavyomaliza shule na kurudi nyumbani kukaa, siyo kwa kukosa alama, bali kwa kukosa mtu wa kuwaambia fomu inajazwaje na barua inaanzaje. Nilitangaza kwamba kila Alhamisi saa tisa mchana, kwenye chumba cha maabara, patakuwa na darasa la kujiandaa na maisha. Alhamisi ya kwanza walikuja saba. Ya tatu wakakosa viti, wakakaa juu ya meza za maabara.

Tulianza na barua za maombi. Kila barua waliyoniletea ilianza kwa kumshukuru Mungu kwa kuwajalia uzima, ikaendelea kwa kumuuliza mkuu wa chuo hali yake na ya familia yake, na mwishoni kabisa, kwenye mstari uliobanwa chini ya ukurasa, ndipo nafasi ikaombwa. Nilizifyeka kwa kalamu nyekundu. Nikawaambia mkuu wa chuo ana barua mia mezani na hali ya familia yake anaijua. Mmoja aliyetaka kujifunza uchomeleaji kwa fundi wa pale karibu na stendi aliandika "Kwa Mheshimiwa Fundi", nikacheka hadi nikakaa. Lakini fundi mwenyewe alipoipata barua aliibandika ukutani kwenye karakana yake, na kijana akaanza kazi Jumatatu yake. Siku hiyo nilijifunza kufyeka kidogo.

Baada ya barua tulifanya mazoezi ya usaili. Niliweka kiti katikati ya maabara, mimi nikawa mkubwa wa ofisi nyuma ya meza, wao wakawa wanagonga mlango na kuingia. Aliyeingia na "Mambo, Mwalimu" nilimtoa nje aingie upya na shikamoo. Walionichosha zaidi walikuwa mabinti wa wakulima, hasa wale ambao familia zao zilitokea juu Mbulu. Walikuwa wamelelewa kumheshimu mkubwa kwa kuinamisha macho na kujibu kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nawataka waninyanyulie uso na kusema mambo yao kana kwamba wanauza nyanya sokoni. Nilipiga meza. Niliwapandisha videvu kwa kidole. Wengi walifunguka, nasema bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo.

Mmoja hakufunguka. Alikuwa msichana kutoka kijiji cha Sigino, mtulivu, mrefu, mwenye hati nzuri kuliko zote shuleni. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka alikuwa amefaulu Biolojia na Kemia vizuri, lakini alama za jumla hazikumfikisha kidato cha tano. Kulikuwa na chuo cha uuguzi mkoa wa jirani kilichokuwa kinapokea wenye alama kama zake. Nikamwita, nikamwambia hii ni yako. Akasema, "Asante, Mwalimu," macho chini.

Sikuwa nafanya mchezo na yule msichana, kwa sababu nilijua kinachomngoja. Mama yake hakuwepo, alikuwa amefariki zamani. Hilo tu ndilo nililoelezwa. Alilelewa na baba na bibi, na shangazi mmoja aliyekuwa Arusha alikuwa ameshaleta ujumbe kwamba kama shule imeisha basi aende akamsaidie kwenye mgahawa wake. Baba alikuwa amejibu kwamba asubiriwe mwaka huu. Asipopata chuo mwaka huu, ataenda. Msichana alinieleza hayo kwa sentensi nne, na nikajua kwamba mgahawa ule ukimpata hataonekana tena mbele ya kitabu chochote.

Kwenye fomu ya chuo kulikuwa na sehemu moja ya maelezo: eleza kwa maneno yako kwa nini unataka kuwa muuguzi. Nilimkalisha kwenye kiti cha usaili nikamuuliza swali hilo mara tatu, kwa wiki tatu. Alinyamaza mara zote tatu. Mara ya tatu niliona kidole chake kinasugua pindo la sketi, kinasugua tu, nami nikapandwa na hasira ya yule ambaye msaada wake haupokelewi. Nikamwambia kama huna la kusema nitakuandikia. Nikamwandikia. "Tangu utotoni nimekuwa na wito wa kuihudumia jamii yangu na kuwafariji wagonjwa." Ilikuwa sentensi nzuri. Niliipenda kiasi kwamba niliwapa na wenzake wanne waliokuwa wanaomba chuo hicho hicho, nikibadilisha neno hapa na pale.

Fomu zilitakiwa kupitia ofisi ya mkoa, zikaguliwe, zigongwe muhuri, kisha zipelekwe chuoni kwa pamoja. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa saa nane mchana. Wanafunzi wengine walizipeleka wenyewe. Huyu wa Sigino baba yake alikuja shuleni Jumanne kuweka sahihi, na mimi nikaona heri nimkabidhi mzazi mwenyewe.

Alikuja na koti la kahawia lililopigwa pasi, kofia ya pama mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniita Mwalimu kwa namna ya kunifanya nikae wima. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno analiweka chini kwanza ndipo anachukua lingine. Aliweka sahihi pale nilipomwonyesha. Nikaweka fomu kwenye bahasha ya kaki pamoja na nakala ya matokeo, cheti cha kuzaliwa, barua ya mkuu wa shule na picha mbili ndogo, nikaifunga, nikamwambia, "Baba, fomu hii ipelekwe mkoani. Ifike kabla ya Ijumaa saa nane. Ikichelewa, mwaka umepotea."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Mkoani."

"Mkoani."

"Nitaipeleka mwenyewe, Mwalimu. Mambo ya mkoani siyo ya kumtuma mtoto. Kesho nitafute nauli, keshokutwa niende."

Nauli. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu mawili. Kutoka Sigino kuingia mjini watu walikuja kwa baiskeli, na wengine kwa miguu wakiwa na debe la mbaazi kichwani. Nikafikiri mzee anataka aingie mjini kwa heshima, ndani ya gari, na koti lake. Nikampenda kwa hilo. Nikaagana naye nikaenda darasani kufundisha ngeli.

Ijumaa asubuhi saa nne yule msichana alikuja shuleni kwa mazoezi ya usaili. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamuuliza bila hata kuinua kichwa kama baba alishapeleka fomu.

"Alikwenda jana, Mwalimu. Basi la kwanza."

Nikainua kichwa. "Basi la wapi?"

"La Arusha."

Nilimtazama. Alinitazama pia, macho juu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwa sababu aliona uso wangu umebadilika. Nilielewa yote kwa pamoja, na hakukuwa na hata kipande kimoja cha kosa ambacho ningeweza kumbebesha mtu mwingine. Watu wa pale walikuwa wameishi maisha yao yote ndani ya mkoa wa Arusha. Mkoani ilikuwa Arusha. Mtu akienda kufuatilia pensheni, rufaa ya shamba, jambo lolote kubwa lisilowezekana hapa, alikwenda mkoani, na mkoani palikuwa na mabasi na vumbi la nusu siku na ndugu wa kulala kwake. Sisi watu wa mkoa tulikuja na vibao vyetu vya kijani tukadhani neno nalo limehamia Babati siku ile ile na kontena la mafaili. Kwa baba yule halikuwa limehama. Jengo la mkoa alikuwa analipita kila akienda sokoni. Msichana aliniambia baadaye kwamba alikuwa anadhani ni benki.

"Simu?" niliuliza.

"Hana, Mwalimu."

"Shangazi?"

"Hana."

Nilifunga madaftari. Nilimwambia mkuu wa shule nina dharura, na sikungoja jibu, nikamshika yule msichana mkono tukaenda mkoani, yaani kule kwangu, kwa miguu, karibu na mbio. Njiani nilimwambia kosa ni langu. Nilisema hivyo mara mbili. Mara ya pili alisema, "Baba atarudi." Akasema kama anavyosema mtu jambo la kawaida.

Ofisa aliyepokea fomu alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani yenye kamba, amehamia kutoka Singida. Nilikuwa namfahamu kwa sura. Nilimwamkia shikamoo na kabla hajamaliza marahaba nilikuwa nimeshaanza. Nilianza vibaya, kwa kumweleza kwamba mume wangu yuko ofisi ya tatu kulia na kwamba shule yetu imeleta fomu zake zote kwa wakati. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza fomu iko wapi.

"Arusha," nilisema.

Akavua miwani.

Hapo ndipo nilipopunguza sauti. Nilimweleza yote, neno kwa neno, hata lile la nauli, nikamwambia kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi na siyo mtoto huyu. Yule mama hakucheka. Alisema hata yeye, mama yake mzazi kule kijijini bado anahesabu wilaya za zamani. Kisha akafungua droo.

"Fomu tupu ninazo mbili," alisema. "Ajaze moja hapa hapa. Baba akifika na viambatanisho kabla ya saa nane, aweke sahihi, nitagonga muhuri. Asipofika sina ninaloweza kufanya, Mwalimu. Gari la kwenda chuoni linaondoka saa nane, na siwezi kupeleka fomu isiyo na vyeti."

Nikamshukuru, nikachukua fomu, nikavuta kiti. Akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Ajaze yeye," akasema.

Alivuta lundo la fomu lililokuwa upande wa kushoto, akatoa nne, akazipanga mbele yangu zikiwa wazi kwenye ile sehemu ya maelezo. Tangu utotoni nimekuwa na wito. Toka utoto wangu nimekuwa na wito. Nina wito tangu nikiwa mtoto. Wito, utotoni. Zote za shule yangu, zote za darasa langu la Alhamisi.

"Wito umeingia kwa nguvu shuleni kwenu," alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya. Masikio yangu yaliwaka moto. Nimesahihisha maelfu ya insha, na ni siku hiyo tu niliyosahihishwa kwa kalamu isiyo na wino.

Nilitoka nje ya chumba. Nilikwenda ofisi ya tatu kulia, nikamkuta mume wangu na ramani ya daraja, nikamwambia aache daraja aende stendi kusubiri kila basi linalotoka Arusha. Aliuliza anamtafuta nani. Nikamwambia mzee mrefu, koti la kahawia, kofia ya pama, bahasha ya kaki. Mume wangu ni mtu asiyeuliza maswali mawili akiniona niko hivyo. Alikwenda.

Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Nilikaa kwenye benchi la korido mikono mapajani. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona yule msichana amejiinamia mezani akiandika. Ukurasa wa kwanza aliumaliza haraka. Kwenye sehemu ya maelezo alisimama muda mrefu sana, kidole kinasugua pindo la sketi. Nilitaka kuingia. Mwili wangu wote ulitaka kuingia nimpe japo neno la kuanzia, na sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko kukaa kwenye lile benchi. Kisha akaanza kuandika, na hakusimama tena mpaka mwisho.

Yule mama aliisoma kwanza. Akaisoma tena. Akaniita kwa mkono, akanipa.

Naikumbuka kwa sababu niliisoma nimesimama, na baadaye nilihitaji kukaa. Iliandikwa kwa ile hati yake nzuri:

"Nilipokuwa na miaka tisa mama yangu alishikwa na uchungu. Hospitali walimwandikia karatasi ya kwenda mkoani kwa sababu mtoto alikuwa amelala vibaya. Wakati huo mkoani ni Arusha. Ilikuwa masika. Gari lilikwama kwenye matope kabla ya kufika lami, na watu walisukuma mpaka asubuhi. Baba alikuwa ameishika karatasi isilowe. Mama na mtoto walifariki hapo barabarani. Karatasi ilikuwa kavu. Baba anayo mpaka leo. Sijui kama huu ni wito. Ninataka kujua la kufanya wakati gari bado halijafika."

Basi. Hakuna salamu, hakuna jamii, hakuna faraja ya wagonjwa. Wiki tatu nilikuwa nimempigia meza binti huyu nikimtaka aseme kama anayeuza nyanya. Alikuwa na la kusema tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na kalamu nyekundu. Nililia pale ofisini, waziwazi, mbele ya mgeni na mbele ya mwanafunzi wangu. Yule mama wa Singida akanipa kanga yake iliyokuwa kwenye kiti.

Na hapo nikaelewa kitu kingine. Nilikuwa nimempa baba yule bahasha, nikamwambia ifike mkoani kabla ya saa fulani, na kwamba ikichelewa, imepotea. Nilikuwa nimemwambia hivyo mtu yule, kati ya watu wote.

Mambo ya karatasi nitayamaliza kwanza, maana yalikwisha haraka. Mume wangu alimpata baba kwenye basi la tatu, lililopata pancha mara mbili. Arusha alifika Alhamisi mchana, na mlinzi wa getini alimuuliza anatoka wapi, akamwambia kwa upole, "Mzee, mkoa wako siku hizi uko kwenu." Mabasi ya kurudi yalikuwa yameisha. Alilala kwa dada yake, alfajiri akawa stendi. Walifika mkoani, huku kwetu, saa saba na nusu. Alivua kofia, akaweka sahihi akiwa amesimama. Yule mama alifungua bahasha ya kaki, akatoa vyeti na picha, na fomu ile ya kwanza yenye wito wangu akamuuliza msichana aifanyeje. Msichana akasema, "Tuache hii niliyoandika mimi." Alisema akiwa amemtazama usoni. Muhuri ukagongwa. Wiki kadhaa baadaye majina yalibandikwa ukutani na lake lilikuwa la sita. Alikwenda na sanduku la bati na godoro, akamaliza, na kwa muda wote niliokaa Babati baada ya hapo alikuwa muuguzi wodi ya wazazi. Wenzake wanne wa wito walichaguliwa wawili. Wale wawili waliobaki niliwaita nikawaomba msamaha, na mwaka uliofuata waliandika wenyewe.

Darasa la Alhamisi niliendelea nalo kwa sauti ile ile. Sikugeuka mpole, na anayesema niligeuka anasingizia. Ila pale kwenye "eleza kwa maneno yako" nilikuwa natoka nje ya maabara. Natembea mpaka kwenye bomba la maji, nanawa mikono isiyo na uchafu, narudi.

Lakini kuna jambo la siku ile nililoliruka kwa makusudi, sikutaka kulichanganya na mihuri. Ni lile la mlangoni, baba alipofika, kabla hajaambiwa lolote. Mume wangu alikuwa nyuma yake. Koti lote lilikuwa jeupe kwa vumbi, na bahasha ilikuwa ndani ya koti, kifuani, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alituona sote tumenyamaza, mimi macho mekundu, binti yake amesimama kando ya meza, na akadhani kimya kile ni kile anachokifahamu. Aliitoa bahasha, akainyoosha kwa mikono miwili, ikiwa safi kama nilivyompa. Hakuniangalia mimi, wala yule mama. Alimwangalia binti yake.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimechelewa tena."

Yule msichana, ambaye hakuwahi kupandisha sauti darasani kwangu hata siku moja, alimjibu kwa sauti iliyosikika mpaka korido ya mwisho.

"Hapana, Baba. Umewahi."